Sentensi Moja Redioni

Ilikuwa wiki ya tatu bila maji Gasenyi, na watoto wa mtaa wetu walikuwa wanaharisha, mdogo wangu wa kike akiwa mmoja wao. Asubuhi moja mwandishi wa redio alikuja akatukuta tumepanga foleni kwenye bomba lililokuwa linatoa maji kama uzi. Aliwahoji watu kwa Kirundi, kisha akasema bado anatafuta sauti ya Kiswahili kwa habari za mchana.

Foleni yote ikanigeukia. Mama yangu ni mtu wa Uvira, kule Kongo, na nyumbani tunazungumza Kiswahili.

"Uyu hapa," mama mmoja akasema, akinisukuma mgongoni. "Anasemaka kidogo, mutakuwa na kazi."

Watu wakacheka. Mimi ni mtu wa aibu. Shule niliachia darasa la sita, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuniuliza ninafikiri nini. Mwandishi akaniwekea mikro karibu na mdomo, akauliza kama najua wauza maji wa baiskeli wanachota wapi. Nyuma yangu watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kuhusu yule Mkongomani. Huyo ndiye aliyekuwa anatuletea maji kila siku, madumu sita ya manjano, sisi tunayaita bidoni, yamefungwa kwenye baiskeli. Kwa kuwa mama yangu ni mtu wa kwao, alikuwa ananiita mudogo.

"Nilimwona mtoni na bidoni zake," nikasema.

Mwandishi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichokifuata. Wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza ili wanisikie. Hilo halikuwahi kunitokea maishani. Kulikuwa na maneno mengine ya kufuata: kwamba bidoni zilikuwa tupu, kwamba alikuwa anazisugua matope ya nje kwa mchanga, vifuniko vikiwa vimekazwa, na kwamba maji yenyewe alikuwa anayatoa mtaa wa Rohero, ambako bomba halikukauka. Maneno hayo nilikuwa nayo. Mwandishi alinisubiri kidogo. Nikasema asante, nikarudi kwenye foleni.

Mchana sentensi yangu ilipita redioni. Baada yake mwandishi akasema kwamba wakazi wanawashuku wauza maji kuchota mtoni. Hakumtaja mtu, lakini mtaani kwetu hakukuwa na haja. Kesho yake watoto walimfuata mbio yule Mkongomani wakiimba "Mtoni, Mtoni!" Wanawake wakafunga milango. Mama yangu mwenyewe alimwambia asisimame tena kwetu. Shefu wa mtaa akamwomba akauzie kwingine, kwa amani. Haikuchukua wiki, akawa hapiti tena.

Miezi miwili baadaye nilianza kwenda Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia, ambako dada mmoja alikuwa anafundisha vijana namna ya kusikiliza habari. Tulimwita Mwalimu. Alikuwa anatuchezea kipande cha habari mara mbili. Mara ya kwanza tunasikiliza tu. Mara ya pili tunaandika kile ambacho hakikusemwa. Mimi naandika polepole, kwa hiyo mara nyingi wenzangu walikuwa wamemaliza nami niko mstari wa kwanza. Lakini nilipenda. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kuna watu wabaya huko redioni wanaokata maneno, na kwamba mimi najifunza kuwagundua.

Jumamosi moja akacheza habari ya maji. Nikasikia sauti yangu.

"Eh, si ni we uyu?" kijana wa mbele akageuka. "Star wetu kumbe iko hapa."

Wakacheka sana. Mwalimu alisimamisha sauti akaniomba radhi, hakujua. Kisha akasema, kwa upole, "Hapa ndipo mahali pa kujifunza. Mtu hawezi kuhojiwa akatoa sentensi moja tu. Ulisema zaidi, wakakata. Si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hiyo wote walinihurumia. Mwalimu akasema atakwenda kuwaomba watu wa redio mazungumzo yangu mazima, ili yule muuza maji asafishwe jina. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba hakuna mazungumzo mazima, na kwamba sasa nimemsingizia na mwandishi pia.

Jumatatu nilimtafuta yule muuza maji. Niliambiwa anapakua magunia ya saruji kwenye depo moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Nilimkuta wakati wa mapumziko, amekaa juu ya mbao, vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Mudogo," akasema. "Mama hajambo?"

Nikasema hajambo.

"Nimesikia walikukata maneno kule redio. Mi nilijua. Nilisema mutoto wa dada yetu hawezi kunifanyia vile."

Habari ya huruma ilikuwa imefika hapo kabla yangu. Ningeweza kuiacha ikae. Nikamwambia hawakukata kitu, kwamba mimi ndiye niliyeishia pale, kwa kupenda mwenyewe.

Alikung'uta kofia yake gotini, muda mrefu.

"Na bidoni yako?" akauliza. "Nayo haukusema?"

Siku ile mtoni nilikuwa nimetumwa maji bombani, nikaona foleni ndefu, nikashuka mtoni na kujaza bidoni ya nyumbani. Alinisalimia nikiwa nimeinama juu ya maji. Mama alidhani ni ya bomba, hakuyachemsha. Mdogo wangu aliyanywa jioni hiyo. Wakati mikro iko mbele yangu alikuwa amelala siku ya tatu, na mimi nilitaka apatikane mtu mwingine wa kulaumiwa.

"Nilikuona," akasema. "Na mimi sikusema kwa mutu. Nilifikiri atasema mwenyewe."

"Nisamehe, papa."

"Apana kuniambia mimi. Mi nilikuwa pale, najua nilikuwa nafanya nini. Enda uambie wale wenye hawakuwa pale."

Akavaa kofia akarudi kwenye magunia.

Jioni nilimwambia mama. Hakunigombeza. Alimwita mdogo wangu, ambaye alishapona zamani, akamshikashika mikono kama anamtafuta homa. Kisha akaniuliza kama yule baba bado anapitia njia ya mtaani kwetu hata mara moja moja, nikasema hapana.

Niliandika siku nne. Jumamosi, kabla Mwalimu hajawasha kitu, niliomba kusoma. Nilianza na bidoni yangu, nikafuata na zile sita za muuza maji, nikamalizia kwa kusema mwandishi alinisubiri niendelee. Hakuna aliyecheka. Kijana wa mbele aliniuliza ni kwa nini Jumamosi iliyopita niliitikia kwa kichwa. Hilo sikuwa nimeliandika. Nikamwambia ni kwa sababu nililipenda jibu lao kuliko langu, nikakaa.