Baba Mkwe Aligeukia Ukuta

Kwetu Unyakyusa, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe wala hasemi naye. Akipita, unajificha. Basi. Mimi niliolewa Kyela mjini nikiwa nimesomea kompyuta Mbeya, na kompyuta pekee ya ukoo ilikuwa chumbani kwa mzee, mwalimu mstaafu. Humo alikuwa anachapa, kwa kidole kimoja, hadithi za marehemu mama yake. Kazi ya miaka, na nakala nyingine hakuna.

Ilikuwa mashine kuukuu ya mtumba, iliyofungwa diski kubwa isiyolingana na uzee wake. Yenyewe iliweza kuona mwanzo wa diski tu. Kiprogramu kilichokaa kichwani mwa diski ndicho kilichoamka kwanza na kuionyesha sehemu zilizobaki. Likizo ile shemeji yangu, fundi wa kujipachika, akaja na programu mpya ya kuwashia, akaipachika juu ya kile cha zamani, akapanda basi kurudi Mbeya. Hakuuliza mtu. Mjuaji yule, mpaka leo akinisalimia naitikia nusu!

Asubuhi yake mzee akaiwasha. Nilikuwa jikoni uani napepeta mchele, dirisha lake wazi. Nikamsikia anamwambia mama mkwe, "Mwambie mwanao wa jikoni, mashine inasema diski ni tupu. Inauliza iipange upya." Mama akaanza safari ya kuniletea maneno, na magoti yake yale mabovu. Hajafika hata mlangoni, mzee akasema, "Aa, ngoja nikubali tu." Kukubali ni kufuta hadithi zote.

"Baba, usibonyeze!"

Ni mimi huyo. Nimepiga kelele, moja kwa moja kwa baba mkwe. Mama akashika mdomo. Jirani akaacha kutwanga. Nilitamani ardhi ipasuke.

 Kisha mzee akasema, bila kunitaja, "Aingie."

Nikajifunika kitenge kichwani, nikaingia nimeinama. Alikuwa amesimama pembeni, uso ukutani, mikono nyuma. Jamani, mwalimu yule, aliyewasimamisha hivyohivyo watoto watundu wa nusu ya mji huu! Shati lake lilikuwa limechanika begani, na hilo nalo nikaliona. Aibu ilinichoma mpaka vidole vikawa vinakosea herufi. Disketi yenye kiprogramu cha zamani ilikuwa bado kwenye droo. Nikakirudisha mahali pake, nikazima, nikawasha. Hadithi zote zikajitokeza. Nikatoka.

Mama mkwe alikuwa ameshaenda sokoni, nadhani kwa kukimbia aibu yangu. Nimekaa jikoni, sijui uso niuweke wapi, mara mzee akaanza kusoma hadithi ya mama yake. Nyumba nzima tulikuwa wawili. Alisoma kwa sauti ya darasani, ya kumfikia mtu wa jikoni, mpaka mwisho. Kisha akashukuru, "Ndaga," akafunga dirisha. Sijawahi kushukuriwa nikaona aibu kiasi kile.