Ua Usiofagiwa

Mtaani kwetu mwanamke hupimwa kwa ua wake. Kabla jua halijachomoza fagio linasikika kila mlango, na ua ukishafagiwa lazima ibaki ile mistari ya njiti, ushahidi kwamba mwenye nyumba si mvivu. Basi siku moja wifi yangu, mke wa kaka yangu, akaamka akasema yeye hafagii tena. Waseme watakavyo, mimi nilikuwa upande wake tangu mwanzo na sikumung'unya maneno.

Kinachochekesha ni kwamba kufagia ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mfagizi wa ofisi moja kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka walipopunguza watu. Akaenda kusomea kilimo wanachokiita permakalcha: unalima kwa kuiga msitu, udongo haulali uchi, maji hayapiti bila kufanya kazi, na hakuna kitu kinachoitwa takataka. Alirudi na cheti, na moto tumboni. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba majani makavu yaliyofagiwa, watu wakampa huku wanacheka. Akayamwaga upande wetu wa ua, akapanda maboga, kunde na mchicha humo humo, na maji ya bafuni akayachimbia mfereji hadi kwenye migomba. Kisha akatangaza kwamba kila Jumamosi atafundisha, bure, atakayekuja na aje.

Mama, mwenye chumba kinachotazamana na chetu, alikuwa bingwa wa fagio mtaa mzima. Alilia kwamba mwanawe ameoa msiba. Akampa mkwewe jina, Mwalimu wa Takataka, na jina likashika. Jumamosi ya kwanza hakutokea mtu. Mimi ni msusi, nilikuwa na mteja kibarazani, nimemsuka nusu kichwa. Nikamvuta na kitana chake tukaenda kukaa darasani. Angekimbilia wapi na nywele zile? Ndiye mwanafunzi wa kwanza wa wifi yangu, na mpaka leo anajisifu.

Nilidhani wifi ataanza na mboga. Wapi! Alinyoosha kidole kwenye mlango wa Mama, ambapo mwenyewe alikuwa amesimama anatutazama. Chini ya kizingiti palikuwa na jiwe kubwa ambalo Mama hulikanyaga kupanda chumbani, maana magoti yake yamechoka. Wifi akamuuliza kwa adabu kama jiwe lile lilikuwepo nyumba ilipojengwa. Mama akajibu kwa mkato kwamba halikuwepo, zamani ulikuwa unavuka kizingiti bila hata kuinua gauni.

"Sasa Mama, nyumba imepanda, au ua umeshuka?"

Mama akalitazama jiwe, kisha fagio lake. Kila asubuhi fagio lilikuwa linakwangua vumbi kidogo, mvua inakuja kulibeba hadi mtaroni, na yeye anarudi kufagia tena. Ni kidogo kama mkojo wa panya, utasema, lakini miaka yote ile! Mteja wangu alitoka pale na nusu kichwa chake akaenda moja kwa moja kuangalia mlango wa kwao. Kulikuwa na jiwe. Kwa jirani, jiwe. Jumamosi iliyofuata ua ulijaa watu, na Mama akamnunia mkwewe, salamu akamjibu kwa kuguna.

Waliokuwa wanacheka wakaona sasa mambo yamekuwa makubwa. Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika: nyoka, mbu, aibu. Nyoka gani? Hakuna aliyemwona hata mkia wake. Mwenyekiti akaamua majani yaondolewe kabla ya Jumamosi, la sivyo analeta vijana na reki, na darasa linafungwa moja kwa moja. Kaka, mtu asiyependa ugomvi, akambembeleza mkewe afagie mara moja tu, yaishe. Wifi hakuinua sauti.

"Nilifagia kwa mshahara. Bure sifagii."

Lakini mimi nilijua anachokiogopa. Darasa lile ndilo lililomfanya aitwe mwalimu, hata kama ni wa takataka, na likifungwa angebaki kuwa mfagizi aliyefukuzwa. Roho iliniuma, nikaapa atakayegusa majani yale nitamnyoa.

Jumamosi mwenyekiti akaja kweli, nyuma yake vijana na reki. Wanafunzi wengi walikuwa wameingia mitini. Wifi akaendelea kufundisha sisi wachache, amesimama katikati ya maboga kama hajaona mtu. Ndipo mlango wa Mama ukafunguka. Akashuka polepole, mguu kwenye jiwe, fagio mkononi. Nikajua tumekwisha, huyo anakuja kuwaonyesha pa kuanzia.

Akasimama mbele ya mwenyekiti.

"Nimefagia ua huu tangu wewe unanyonya. Udongo wangu wote nimeupeleka mtaroni kwa mkono huu huu. Umebaki huo wa mwalimu. Gusa jani moja uone."

Mwenyekiti akaanza habari za usafi wa mtaa. Mama hakumsikiliza. Aliwageukia vijana akawaambia kwa kuwa wamekuja na reki, na nguvu wanazo, wapite mtaani wakusanye majani yote, wayamwage mlangoni kwake.

"Nataka ua wangu urudi," akasema.

Vijana wakamtazama mwenyekiti, wakamtazama Mama. Wakaenda kukusanya majani. Kijana gani atabishana na bibi mwenye fagio?

Jiwe bado lipo, msinielewe vibaya. Udongo haurudi kwa hasira, na wifi amemwambia Mama wazi kwamba huenda asiuone ukifika kizingitini. Mama kajibu kwamba wajukuu wataukanyaga. Darasa ni kila Jumamosi, Mama anakaa mbele, na ole wako umkatize mwalimu. Mwenyekiti hajarudi. Nilipita kwake juzi kumsuka mkewe, nikachungulia mlango wao. Wana mawe mawili.