Hisa Zangu na Wazee wa Gehandu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata uzee ukinifanya nisahau mengine yote, hiyo itabaki. Niliingia Katesh asubuhi, mvua ya manyunyu inanyesha, nasukuma baiskeli. Kichwa cha cherehani nimekifunga nyuma kwa mpira, na nguo zangu zote ziko kwenye mfuko mmoja. Nilikuwa nimeamua kuuza hisa zangu zote na kuondoka. Niliyemfuata alikuwa Mama Saada, mwenye duka la vitambaa. Kabla sijakwambia alinijibu nini, acha nikueleze nilikuwa nakimbia nini, maana bila hivyo utaniona kichaa.

Niliolewa mapema, Mbulu, na ndoa yangu haikudumu. Mtoto hakupatikana, mume wangu akanirudisha nyumbani kwa maneno ya upole, na ule upole uliniuma kuliko matusi. Wazazi walikuwa wameshafariki. Akanipokea kaka yangu Boay, kule Masakta, kwenye nyumba aliyotuachia baba.

Usinielewe vibaya. Kaka hakuwahi kuninyima chakula. Wifi yangu Veronika alinipa chumba cha karibu na jiko, chenye joto, na kwa baridi ya kule hicho si kitu kidogo. Lakini nikitoka naulizwa naenda wapi. Nikirudi naulizwa nilikuwa na nani. Nikitaka kwenda kumsalimu shangazi Dongobesh, kaka anaangalia kwanza kama mahindi yamepaliliwa. Mwanamke mzima naomba ruhusa kama mwanafunzi anayetaka kutoka darasani. Nikawa siwezi kukaa mahali pamoja. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, naenda kuchota maji wakati pipa limejaa. Veronika alikuwa akiniambia, "Paskalina, hebu kaa, unanitia kizunguzungu."

Nilichokuwa nacho ni cherehani. Nilishona kwenye baraza la Mama Saada, wateja wake wakinunua kitambaa ndani wanatoka nje kupimwa na mimi. Watu wake walitoka Kondoa wakaja kufanya biashara Katesh, naye alizaliwa hapohapo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alitoka benki akapita mbele yangu akiwa na uso mchangamfu, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, nikamuuliza kuna nini.

"Kiwanda kimetoa gawio," akasema.

"Gawio ndiyo nini, mama?"

"Kiwanda kikipata faida, wenye kiwanda wanagawana. Na mimi ni mmoja wao."

Nilicheka, nikidhani ananitania. "Wewe una kiwanda?"

"Nina hisa. Kipande kidogo. Ukipiga hesabu, labda ni msumari mmoja wa kwenye paa. Lakini huo msumari ni wangu, na wakigawana faida hawanisahau."

Alikuwa amenunua wakati kiwanda hicho cha huko pwani kilipouza hisa kwa wananchi, na wenzake sokoni walimwambia ametupa pesa. Mimi jambo moja tu lilinikaa kichwani: pesa inakuja, na hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi.

Nilijibana. Niliacha soda, niliacha kununua kitenge kipya cha Pasaka ingawa nilikuwa nakaa katikati ya vitenge siku nzima. Pesa ilipofika kiasi, nikapanda basi hadi Arusha kwa dalali wa hisa aliyenielekeza Mama Saada, nikanunua chache. Gawio la kwanza lilipoingia lilitosha sukari na sabuni ya kufulia. Nilivipeleka nyumbani nikaviweka mezani. Veronika akauliza nani amenunua. Nikamwambia, kiwanda. Akaguna, akaendelea kupepeta maharage.

Miaka ikaenda hivyo. Gawio likiingia sili, naliongeza kwenye akiba ya kushona nanunua hisa nyingine. Ungeniona ungedhani nimetulia. Sikuwa nimetulia hata kidogo. Bei ya hisa ikishuka, nashona mkono wa gauni mahali pa shingo. Ikipanda, nawaza niuze kabla haijashuka. Nilimpigia dalali simu mpaka akawa hapokei. Nilitaka ile siku ya kuondoka ifike, na haikufika, na kila nilipolala na kuamka nilikuwa kwenye chumba kilekile cha karibu na jiko.

Ndipo wakaja wazee wa Gehandu.

Nilirudi kutoka Katesh jioni nikakuta wamekaa sebuleni na kaka, wanakunywa chai ya maziwa. Kaka akasema, "Paskalina, salimia wageni."

"Shikamooni."

"Marahaba, binti yetu," akajibu mmoja wao.

Hilo neno "yetu" lilinifanya nisimame. Nikaenda jikoni, nikamkuta Veronika anakoroga ugali bila kunitazama. Akanieleza kwamba kuna bwana mmoja wa kule Gehandu amefiwa na mkewe, ana ng'ombe, ana watoto wadogo, na ni mtu wa kanisani. Kaka ameshawapokea wazee wake mara ya pili.

"Mara ya pili?"

"Kaka yako anataka uwe na kwako," akasema Veronika, na niliona na yeye hakupenda kazi ya kuniambia.

Nilipakua ugali, nikawanawisha wageni mikono, nikatoa vyombo. Asubuhi nikafunga cherehani kwenye baiskeli.

Sasa turudi Katesh. Mama Saada aliangalia baiskeli, akaangalia mfuko, akanipa kigoda. Akanimiminia chai ya tangawizi, akasubiri ninywe. Nikamwambia yote, na kwamba nataka anisaidie kumpigia dalali auze kila kitu. Nitapanga chumba Arusha, nitaanza maisha.

"Gawio la mwaka jana lingekulisha kwa muda gani?" akauliza.

"Miezi miwili, nikijibana."

"Ukiuza hisa zote je?"

"Mwaka. Labda na zaidi kidogo."

"Halafu?"

"Nitajua hukohuko."

Akachukua jora la kitambaa akalikunja, taratibu, akilainisha kila kunjo kwa kiganja. "Kaka yako umemwambia hutaki kuolewa?"

"Hapana."

"Wale wazee umewaambia?"

"Hapana, mama. Ningewaambiaje?"

"Kwa hiyo duniani kote anayejua kwamba hutaki ni mimi."

Nikaweka kikombe chini.

"Hisa haziwezi kukusemea, Paskalina," akasema. "Ukiziuza utakula, zitaisha, utarudi Masakta na baiskeli tupu, na wazee wa Gehandu watakuwa bado hawajajibiwa. Nenda ukaseme. Wakikufukuza, njoo. Chumba cha nyuma ninakowekea majora kina nafasi ya godoro. Lakini zile hisa usiziguse."

Nilikasirika, mwanangu. Nilitaka mtu wa kunionea huruma. Niliacha hata kuaga vizuri. Njia ya kurudi niliisukuma baiskeli hata mahali pa tambarare ambapo ningeweza kupanda, kwa sababu sikutaka kufika.

Kaka alikuwa kwenye zizi, anabadilisha nguzo zilizooza. Nikamwamkia. Akaitikia, akatazama kile kichwa cha cherehani.

"Ulikuwa unakwenda wapi nacho?"

"Nilikuwa naondoka. Nimerudi nikwambie jambo. Ukishalisikia, ukitaka niondoke nitaondoka."

"Sema."

"Sitaki kuolewa Gehandu. Sitaki kuolewa tena popote, kaka. Na ulikosea kuwapokea wale wazee bila kuniuliza."

Nilikuwa sijawahi kumwambia kaka yangu kwamba amekosea. Aliishika nguzo ikiwa imesimama nusu ndani ya shimo. Nilidhani atanipiga. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko nilivyotegemea, "Ukizeeka atakutunza nani? Mimi nitakufa. Watoto wangu watakuwa na familia zao. Umewahi kulifikiria hilo?"

Miaka yote ile nilidhani mwenye hofu ndani ya nyumba ile ni mimi peke yangu. Nikakaa juu ya mfuko wangu wa nguo nikamweleza habari za hisa, kwa mara ya kwanza, tangu ile sukari na sabuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kiwanda kikifungwa?"

"Nitakuwa nimepoteza. Ndiyo maana sijaacha kushona."

Akaishindilia ile nguzo udongo kwa mguu. "Wazee wa Gehandu nitawajibu mimi," akasema. "Lakini kila mwaka utaniambia hicho kiwanda kimekupa nini, nisije nikadhani unaota."

Basi ikawa hivyo. Sisemi mambo yalilainika. Kuna mwaka kiwanda hakikutoa gawio lolote, nikaenda kumwambia kaka nikiwa nimeinamisha kichwa. Akasema tu, "Hata ng'ombe kuna mwaka hazai." Kuna kipindi vitunguu saumu vilipata bei kubwa Mbulu, kila ninayemfahamu anaezeka bati jipya, na mimi nina makaratasi. Nilizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama Saada, aliyekuwa ameanza kuumwa miguu, akanishauri ninunue na hisa za kampuni nyingine ya kazi tofauti kabisa, ili moja ikiyumba nyingine inishike. Nikafanya hivyo. Alifariki bila kuniona nikifika nilikotaka kwenda, na nilimlilia kama mzazi.

Nilifika nikiwa na mvi. Nikanunua kiwanja kidogo pembeni ya mji wa Mbulu, nikajenga vyumba viwili. Kaka alikuja na lori la jirani, akakibeba mwenyewe kitanda changu mgongoni, hakutaka kijana yeyote amsaidie. Gawio la mwaka ule, la kampuni zote mbili, lilitosha chakula changu, mkaa na dawa za presha hadi mwaka mwingine. Tangu hapo nashona siku ninayotaka, sare za shule na mavazi ya kwaya, na mteja mwenye maneno namwambia aende kwa fundi mwingine.

Nilitegemea siku ile moyo utatulia. Asubuhi ya kwanza nilitoka nikasimama getini. Nikarudi ndani. Nikatoka tena. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize naenda wapi. Hakuna aliyeuliza. Nikafunga mlango, nikaenda kituoni, nikapanda basi la Dongobesh, nikamsalimu shangazi. Akashtuka, akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, nimekuja tu. Alikuwa amezeeka vibaya, macho hayaoni vizuri, akanishika uso kwa mikono miwili ili ahakikishe ni mimi. Nikakaa naye mpaka nilipochoka, nikaondoka nilipotaka.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayeweza kununua hisa ukiwa umekaa kitandani na simu, nakuona unavyoifungua kila saa kutazama bei, na nimesikia unataka kuacha kazi mwakani. Ule moto ulio tumboni mwako naujua. Sikuambii uuzime, mimi mwenyewe sijauzima. Nakuambia tu usiuache ndio uamue. Nunua kidogokidogo, kwenye kampuni ambayo unaweza kumweleza bibi yako inafanya nini na faida yake inatoka wapi. Usiweke kila kitu mahali pamoja. Pesa ya hospitali na ya ada ya watoto usiiingize kabisa huko, kwa sababu hisa haziuzwi kama mbuzi wa mnadani, utazihitaji siku ambayo bei iko chini na mnunuzi hayupo. Anayekuahidi faida kila wiki, mkimbie, hata kama ni ndugu yako. Gawio likija liache likazae, kwa miaka mingi kuliko unavyopenda, na kazi yako uishike mpaka gawio likulishe kweli, siyo kwa kujibana miezi miwili. Iko miaka ambayo halitakuja, na utaumia, na hutakufa.

Na jambo lililo juu ya hayo yote: waambie watu wako. Usikusanye pesa miaka na miaka ili siku moja ziseme kile ambacho mdomo wako umeogopa kusema. Kama kuna mtu wa kumkatalia, mkatalie sasa, ukiwa bado huna kitu. Uhuru wangu nahesabu ulianza pale zizini, na mfukoni sikuwa hata na nauli.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe uvumilivu wa kupanda na kungoja, akulindie ulichotafuta kwa jasho, akupe watu wa kukuambia ukweli hata unapotaka kuonewa huruma. Akufikishe uzeeni ukiwa na mlango wako, na ufunguo wake ukiwa mkononi mwako.