Chale za Kifuani

Nyundo ya Liévin Kabwe inaanza kusikika Ruashi kabla majirani hawajawasha moto. Anagonga bati la pipa kuukuu, analikunja, anatengeneza mbabula, jiko la makaa linalopikiwa karibu kila ua hapa Elisabethville. Mara nyundo inanyamaza. Liévin ameinama, ameshika kifua, anatafuta pumzi.

Huyu alikuwa akilisha tanuru la kuyeyushia shaba katika kampuni ya madini. Moshi ukamla mapafu, na mwaka jana akaanguka kazini. Wenzake walimtuliza, maana kampuni iliahidi kumlipa kila mwezi, hadi kufa, mfanyakazi atakayelemazwa na kazi.

Daktari wa kampuni akamvua shati, akaona chale kifuani. Akauliza ni za nini. Liévin, mzaliwa wa Pweto, alifundishwa kwamba mkubwa akikuuliza, usijibu nusu. Akaeleza yote.

"Nilimuambia, nkambo wangu njo alinikataka, juu ya kikohozi, nikingali mutoto," anasimulia, akimtaja bibi yake. "Kule kwetu batoto bote banakatwaka. Docteur akacheka kidogo. Akasema: 'Bon, ugonjwa iko ya zamani, ulikuya nayo.'"

Basi. Malipo yakafutwa, na nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi ikachukuliwa. Ukweli wake ndio uliomponza.

"Siku ya kuingia kazi balituvula nguo yote," anasema, na sasa anajigonga kifuani kwa hasira. "Chale balizionaka! Balisema: 'Huyu iko na kifua ya nguvu.' Leo kifua imekwisha, njo banakumbuka chale?"

Atamlalamikia nani? Tangu Katanga ijitenge na Kongo, ofisi zimebadilisha bendera, lakini daktari ni yule yule. Mbabula ikiuzwa, unga unapatikana. Isipouzwa, mkewe Agnès anapika sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila bukari, ugali wa hapa.

Ndani ya nyumba mjukuu wao, Kunda, anakohoa. Ni mtoto wa binti yao Clotilde, hata kutembea bado. Agnès anatoka na wembe mpya, anasimama mlangoni.

"Baba Clotilde, kikohozi ya mutoto haiishi. Nimukate? Ao tuache kifua yake bila alama, siku moja batakuya kumupima?"

Liévin anaokota nyundo.

"Mukate, mama. Huyu nitamufundisha kazi ya bati. Hakuna kampuni itamuvula shati."