Mtu wa Mafuta na Samaki wa Temeke

Je, wewe ungeihatarisha kazi yako kwa ajili ya samaki asiyejaza hata kijiko? Mzee wa mafuta alifanya hivyo kila Jumatatu, na Mauwa, aliyekuwa akifua nguo kwenye chemchemi ya Temeke, alimwona. Kazi aliyopewa na serikali ilikuwa kumwaga mafuta juu ya maji yote yaliyotuama, viluwiluwi vya mbu vife. Mikono yake ilinuka mafuta ya taa hata sikukuu ya Idi. Alimwaga mitaroni, alimwaga madimbwini, lakini akifika kwenye chemchemi hutua debe, huchuchumaa, na kuwahesabu kwa kidole samaki wenye mkia mwekundu, ambao hakuna aliyepata kuwaona kwenye maji mengine yoyote. "Hawa ndio wanaokula viluwiluwi," alimwambia Mauwa kwa sauti yake ya chini. "Ni vibarua wenzangu, ila wao hawaombi likizo." Mauwa akauliza, "Na Bwana Afya, mkubwa wako, akijua?" Mzee akacheka. "Akinifukuza, atabaki na vibarua wenye mikia."

Jumatatu moja Bwana Afya alijua. Aliteka maji mara kumi, hakupata kiluwiluwi hata kimoja, na bado akaamuru mafuta yamwagwe kesho yake, kwani amri ya serikali haikubali kufundishwa na samaki. Mzee akajibu, "Ndiyo, bwana." Asubuhi iliyofuata Mauwa alimkuta amezama hadi kiunoni, akiwavua samaki kwa kilemba chake na kuwatia mtungini. Alipompata wa mwisho, akamkabidhi Mauwa mtungi. "Watunze kwako, mwanangu, mpaka masika yaoshe mafuta." Kisha akainua debe, akaanza kumwaga.