Chumba cha Mkakao

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, na ningependa kuisahau lakini haitaki kuniachia. Keti hapa. Nitakwenda polepole, maana siku hizi hata kuongea kunanichosha.

Kaunti zilikuwa zimeanza miaka michache nyuma, nami nilikuwa nimepata kazi ya udereva katika ofisi moja hapa Isiolo. Kwa umri sikuwa kijana tena, ila kichwa kilikuwa bado cha kijana: kila jambo nilitaka niwe wa kwanza. Rafiki yangu wa malori aliporudi kutoka Uganda aliniletea tunda la kakao, la manjano, kubwa kama papai dogo. Akaniambia, "Panda leo leo. Mbegu yake ikikauka, imekufa." Nilizipanda siku hiyohiyo kwenye ndoo za rangi, zikiwa bado na ule utelezi wake mweupe. Zikaota, zikafa, ikabaki moja. Hiyo moja ndiyo iliyonitia wazimu.

Unajua kwetu Kiwanjani kulivyo. Mchana ni jua kavu, na Julai upepo wa mlimani unashuka usiku kucha hadi asubuhi. Mkakao hauwezi hayo mawili. Unataka joto lisilokatika, unyevu, na upepo usiuguse kabisa. Nyumba yangu ilikuwa na chumba kimoja tu cha namna hiyo, kile kilichopakana na jikoni, ambacho ukuta wake haukupoa. Nikauweka humo. Nikatundika nailoni dirishani, kila asubuhi nikaweka sufuria ya maji ya moto kando yake ili mvuke upande, na majani nikayapangusa vumbi kwa kitambaa. Watu walikuja mpaka kutoka Chechelesi kuuangalia. Nilivimba kichwa, sitakuficha.

Sasa nikuambie chumba hicho kilikuwa cha nani. Mama yangu nilikuwa nimemtoa Sericho, kule chini kwenye joto usiku na mchana, aje kukaa nasi baada ya ukame kummalizia ng'ombe wake wote. Alipofika ndicho nilichompa. Lakini mti ulipoanza kukunja majani, nilimhamishia mama chumba cha mbele, kinachoelekea mlima. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, nikaziba pengo kwa katoni. Nilimwambia ni kwa siku chache. Hakusema neno, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Wiki zikawa miezi. Mke wangu akaniambia, "Baba Guyo, mama anakohoa." Nikamjibu ni vumbi tu, na kila asubuhi, kabla ya chai, nikaendelea kuingia kwa mti kuyashika majani moja moja nione kama yamepata baridi.

Asubuhi ile nilikuwa nimechuchumaa mbele ya ndoo, mlango ukafunguka. Alikuwa mama, amejifunika shuka mbili, amesimama pale mlangoni ambapo joto la chumba lilimfikia.

"Mama, funga mlango," nikamwambia, bila hata salamu. "Mti itapata baridi."

Hakufunga. Aliutazama mti.

"Hii mti ulitoa wapi?"

"Mbali, mama. Uganda. Haiwezi upepo ya hapa."

"Na mimi ulinitoa wapi?"

Kisha akafunga mlango kama nilivyomwomba, yeye akiwa nje.

Mwanangu, niliona aibu. Niliinuka nikamtafuta fundi, na kioo kikawekwa kabla chai haijapoa. Kazi ndogo hivyo. Nikautoa mti nje, nikamrudishia mama chumba chake. Alilala humo wiki moja, akaniombea dua, kisha akaniomba nimrudishe Sericho kwa ndugu yangu.

"Sina hasira na wewe," aliniambia. "Nimechoka tu kuwa mgeni."

Nilimpeleka. Njia ni ndefu, na kila alipokohoa nilipunguza mwendo, kana kwamba hilo lingesaidia. Aliishi huko miaka kadhaa. Kila nilipokwenda alinipa maziwa ya ngamia, akacheka nami, hakulitaja jambo lile hata mara moja. Lakini kwangu hakurudi kulala hata siku moja, na huko ndiko tulikomzika. Alinisamehe, najua. Ndiyo maana bado inaniuma.

Mkakao ulikuwa kijiti kabla Agosti haijaisha. Sikuulilia.

Basi nisikilize. Panda unachotaka, hata kama kila mtu anakuambia hakitaota hapa. Lakini mzazi akija kukaa kwako, mshike mkono yeye kwanza asubuhi, uone kama ni wa baridi. Muulize amelalaje, na akikujibu salama, usiondoke. Kaa, uulize tena, maana mzee aliye kwenye nyumba ya mwanawe jibu lake la kwanza huwa ni salama tu. Na ukiona mtu aliyezoea kusema sana ameanza kunyamaza, usijipongeze kwamba amezoea. Nenda ukatazame dirisha lake.

Umeniuliza kwa nini nalala chumba cha mbele na kile cha jikoni kiko wazi, kimetandikwa. Sasa unajua.

Mungu akujalie nyumba yenye joto, mwanangu, na wazazi wako waishi wakaifaidi. Akupe amani, na akupe sikio la kusikia kikohozi kingali kidogo. Amina.