Chanja ya Mama Odila

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikiwaona ninyi mnapita mtaani na makoleo mabegani, mnaimba. Ngoja nikusimulie. Kaa, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai.

Nasi tulikuwa na klabu yetu, hapa hapa Kalemie. Usidhani ninyi ndio mliogundua kazi ya kujitolea. Tulizibua mitaro kabla ya mvua, tulifyeka majani makaburini, tuliezeka nyumba za wajane, na tukimaliza tuliimba mpaka watu waliolala mchana wakatutukana. Rais wetu alikuwa Dieudonné, kijana mrefu mwenye sauti ya padri, ambaye hakuweza kukuomba hata chumvi bila kutoa hotuba kwanza. Mimi nilikuwa Stefa tu, si huyu Mama Stefania unayemwona na fimbo yake. Niliipenda klabu ile kuliko nyumbani kwetu.

Juu ya kilima, mwisho wa njia, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Mama Odila. Mume wake, mtu wa Moba, alifia ziwani. Mwana wake wa pekee alivuka kwenda Kigoma kutafuta maisha. Habari zake zilikuja mara chache, kisha zikaacha kuja kabisa. Mama Odila aliishi kwa ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu. Wavuvi walipoingia asubuhi, alishuka ufukweni, akanunua beseni lake, akawaanika mchangani pamoja na wanawake wengine, na jioni akapanda kilima na samaki wakavu kichwani.

Lazima nikueleze uanikaji ule, maana ninyi mmekuta mchanga wenyewe umekwisha kumezwa na maji. Kila mama alikuwa na sehemu yake, lakini mipaka hukuiona. Samaki wa huyu walipoishia, wa mwenzake walianzia hapo hapo. Wingu likitokea milimani, aliyeliona kwanza alipiga kelele, na hapo hakuna aliyekimbilia samaki wake. Ulizoa waliokuwa miguuni pako, wawe wa nani wawe. Hata aliyekwenda kunyonyesha mtoto alirudi akakuta ndagala wake wamefunikwa. Na asubuhi, kabla ya kumwaga beseni, waliulizana: umelala namna gani, goti linaendeleaje, mwana ameleta habari? Sehemu ya mtu ikibaki tupu, mmoja wao alipanda kwenda kumtazama. Sisi vijana tulipita pale kila siku tukasikia kelele za wanawake tu.

Basi mwaka mmoja Mama Odila aliteleza kwenye njia ya kilima, akaumia nyonga. Alipona, lakini toka hapo alishuka na mkongojo, hatua kwa hatua, akisimama kuhema. Ilitia huruma. Dieudonné aliitisha mkutano, akahutubia mpaka wengine tukapangusa machozi, na tukaamua wote kwa sauti moja: tutamjengea chanja kwake nyumbani. Miti minne imara, wavu wa zamani juu yake, kimo cha kiunoni ili asiiname. Na samaki tutampelekea sisi wenyewe, kwa zamu. Hakuna aliyekwenda kumuuliza, maana tulitaka iwe zawadi ya kumshtukiza.

Jumamosi ile ndiyo tulipanda na miti na nyundo, tukiimba. Mama Odila alitoka ndani akifuta mikono, akatuona tunachimba uani kwake. Tulipomweleza, akatazama njia ya kushukia ufukweni, kisha akatutazama sisi.

"Sasa mimi nitafanya nini kule chini?" akauliza.

"Hautateremuka tena, Mama!" Dieudonné akamjibu kwa furaha. "Utapumuzika. Kubeba njo kazi yetu sisi."

Aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka. Halafu akatushukuru, akaingia ndani kutupikia chai, na sisi tukacheza mpaka vumbi likajaa ua mzima. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena.

Mwanzoni tulikwenda wengi. Tulimmwagia samaki, tukamsaidia kutandaza, tukakaa naye. Kisha tukawa wawili wawili. Kisha mmoja, naye hakukaa. Aliweka beseni kando ya chanja, akaita, "Mama, samaki hawa hapa!" akakimbia, maana klabu ilikuwa na kazi nyingine nyingi nzuri na kila mtu aliitwa kwingine. Haukuwa ubaya. Tulikuwa na moyo, ila moyo wenyewe ulikuwa na haraka.

Nilipopita mchana nilimwona amesimama kwenye chanja yake akigeuza ndagala mmoja mmoja. Nawe unajua ndagala hawageuzwi mmoja mmoja, unawakusanya kwa viganja na kuwamwaga upya. Alikuwa akiongea nao polepole. Akiniona alinishika mkono. "Stefa, ngoja bado kidogo. Feza, binti ya mwenzangu wa kule chini, amezaa mutoto gani? Wavuvi wa Moba wamefika?" Nilimjibu kwa ufupi, nikaenda zangu kwenye mazoezi ya kwaya. Mwanangu, upweke nilikuwa siujui bado. Niliutazama usoni nikadhani ni uzee.

Ikaja wiki ya sikukuu ya parokia. Mvua nazo zilikuwa zimeanza. Mji mzima ulikuwa katika maandalizi, na aliyekuwa na zamu alipeleka beseni, akaita, akaondoka. Zamu yangu ilipofika nilipanda asubuhi, na harufu ilinipokea kabla sijaiona nyumba. Ndagala wa juu ya chanja walikuwa wamelowa na kuoza, nzi wamejaa. Beseni la zamu iliyotangulia lilikuwa pale pale chini, halijaguswa. Niliita, hakuna jibu. Nikasukuma mlango.

Alikuwa chini kwenye mkeka, anawaka homa, midomo imepasuka, na mtungi kando yake hauna hata tone la maji. Alinitazama bila kunitambua. Akaniita kwa jina la mwana wake. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, watu wakaja, tukamlaza kwenye kitanda cha kamba na kumteremsha hospitali mbio mbio. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya ujana wangu. Mganga alisema angebaki pale nyumbani usiku mmoja zaidi, tungekwenda kumzika.

Tulikuwa bado mlangoni pa hospitali alipofika Mama Feza, rafiki yake wa ufukweni, ambaye samaki wake walikuwa wakianikwa jirani na wake tangu wote wawili wakiwa maharusi. Alikuja anakimbia, magamba ya samaki bado yako mikononi.

"Mbona hamukutuambia?" akalia. "Sisi kule tulisema, Odila ako muzuri, ako na watoto wa klabu! Kila siku tulisema vile!"

Alijipiga paja, akakaa chini kwenye sakafu. Hapo ndipo nilipoelewa, na maumivu ya kuelewa kule sitayasahau. Wale wenzake waliacha kupanda kilima kwa sababu yetu. Sisi tuliacha kukaa kwa sababu tulikuwa tumekwisha kumpa chanja. Katikati yetu na wao, mama wa watu alibaki hana mtu.

Alipopata nguvu tulikwenda kumwona, klabu nzima, na sukari na biskuti. Dieudonné akakohoa, akaanza hotuba. Mama Odila akainua mkono.

"Kaa chini, mutoto. Hotuba utatoa siku nimekufa." Wengine tukataka kucheka, tukajizuia. "Muliniona nateremuka na mukongojo, mukasema, huyu mama anateseka. Ni kweli, niliteseka. Lakini kuna mumoja wenu aliniuliza, Mama, unaendaka kule kufanya nini?"

"Kuanika samaki, Mama," Dieudonné akajibu.

"Samaki ningeanika hata juu ya nyumba. Nilikuwa naendaka kwa watu. Kule njo walikuwa wananiulizaka, Odila, umelala namna gani? Mulinitoa maumivu ya muguu, ni sawa, nawashukuru. Lakini mukaniachia kuta. Muguu uliniuma njiani tu. Kuta zinauma muchana na usiku."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Dieudonné akakaa chini kweli, kama alivyoambiwa. Mwisho aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa, Mama, tufanye nini?" Na nadhani hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza klabu yetu kumuuliza mtu tangu ianzishwe.

"Munipe bega," akasema.

Tulimpa. Tangu alipotoka hospitali, kila asubuhi mmoja wetu alipanda kumchukua na kushuka naye. Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko kujenga chanja kumi, nakwambia, maana hukuweza kuiharakisha. Alisimama kila nyumba kusalimia. Aliuliza habari za mbuzi, za wakwe, za mtoto aliyeota meno. Ukivuta mkono alikukazia macho. Hakuna aliyetupigia makofi, na wengine waliichoka klabu wakajitoa. Chanja yenyewe tuliing'oa, tukaisimika ufukweni, kwenye sehemu yake ile ile ya zamani. Wanawake waliicheka siku nzima, wakaiita kitanda cha rais. Kesho yake nao wakaanza kuanika samaki wao juu yake bila kuomba ruhusa, na Mama Odila akawagombeza kwa raha.

Aliishi miaka kadhaa namna hiyo. Kisha asubuhi moja ya masika, aliyekuwa na zamu aliamka na homa, hakwenda. Kule chini Mama Feza alitazama, akaona pale kwenye chanja hakuna mtu. Hakungoja. Aliacha beseni lake halijamwagwa, akaanza kupanda, na wengine wakamfuata nyuma. Walimkuta kwenye kiti, amekwisha kujifunga kitenge cha kushukia, mkongojo uko magotini. Moto wa chai ulikuwa bado unawaka na mikono yake bado ina joto. Mama Feza aliishika mpaka ikapoa. Mvua ilinyesha asubuhi ile, ikalowesha samaki wa ufukwe mzima, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyeteremka kuwazoa.

Mwanangu, leo mimi ndiye mzee. Mume wangu, aliyefanya kazi relini maisha yake yote, yuko makaburini. Watoto wangu wako Lubumbashi; simu inalia Jumapili, tunaongea, inakatika, na nyumba inakuwa kimya kuliko kabla haijalia. Nakwambia haya bila haya. Kuna siku naita kuku kwa majina ili nisikie sauti ya mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi. Juzi mlipokuja na mpango wenu wa kutuletea wazee chakula kilichopikwa, kila mmoja mlangoni pake, ili tusihangaike tena na soko, nilinyamaza. Mkadhani nimekubali.

Mpango wenu una moyo mzuri, nami sitauvunja. Wako wasioweza kusimama, hao wapelekeeni, na mkifika vueni viatu mkae mpaka sahani iishe. Lakini mimi bado naweza kufika sokoni nikishikwa mkono. Nataka kuchagua majani yangu ya sombe mwenyewe, nibishane na muuzaji, aniulize mbona wiki iliyopita sikuonekana. Usiniondolee hilo kwa jina la huruma.

Hii ndiyo nasaha yangu, na uipeleke kwenye klabu yenu. Kabla hamjamwondolea mtu kazi inayomchosha, mmoja wenu ashinde naye katika kazi hiyo toka asubuhi mpaka jioni, aone anakutana na nani. Hata mkienda Katanika kwa wale waliokimbia vita, msifike na jibu mkononi. Fikeni na swali, mkae chini mlisikilize jibu lake lote. Mkimsaidia mtu, waambieni majirani zake waendelee kuja, maana klabu ina kazi nyingi na jirani ana macho ya kila siku. Na wewe mwenyewe, ukisikia inasemwa kwamba fulani ana watu wa kumwangalia, usitulie hapo. Nenda ukamwone.

Sasa nenda, wenzako wanakungoja. Mungu akupe mikono yenye nguvu na miguu isiyo na haraka. Akupe kazi inayokukutanisha na watu, na watu wanaokuuliza umelalaje na kungoja ujibu. Na siku ile ambayo wewe nawe hutafika, mwanangu, Mungu awe amekuwekea mtu wa kuiona nafasi yako tupu, na kupanda kilima kabla mikono yako haijapoa.